USO WAKO NI SAINI YAKO

Leo tunaleta somo juu ya mashine zinazomtambua mtu kwa uso wake, kwa vidole vyake au kwa macho yake. Tutaona faida zake. Tutaona na hatari zake. Mwisho tutajifunza maswali matano ya kuuliza kabla ya kukubali kupigwa picha ya uso au kuweka kidole juu ya mashine.

Huenda msomaji mmoja atasema: "Aa, hayo ni mambo ya watu wa mjini. Sisi huku tuna majembe, tuna nyavu, tuna ng'ombe. Yanatuhusu nini?"

Yanatuhusu sana. Tangu mwezi Mei 2019 kila anayesajili laini ya simu huweka kidole. Mwezi Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa kidole zilianza kuzimwa. Kila mwenye kitambulisho cha Taifa amepigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Walioandikishwa kupiga kura mwaka 2015 walifanyiwa hivyo hivyo. Basi mashine hizi zimekwisha fika mpaka mwaloni. Zimefika kabla ya somo lake.

DOLE GUMBA LIMERUDI

Tukumbuke kwa nini wengi wetu tulikwenda kwenye kisomo. Asiyejua kusoma aliletewa karatasi akaambiwa, "Weka dole hapa." Akaweka. Hakujua karatasi inasema nini. Pengine ilisema kwamba ameuza shamba. Pengine ilisema kwamba amelipwa pesa zote za pamba, kumbe hajalipwa hata nusu. Wino ukishakauka, hakuna wa kumsikiliza. Ndiyo maana tulijifunza kuandika majina yetu. Tukajifunza pia kusoma karatasi kabla ya kutia saini.

Sasa dole gumba limerudi. Safari hii hata profesa wa chuo kikuu anaweka dole. Wino haupo, karatasi haipo, ila kuna mashine ndogo au simu tu. Na hatari ya zamani imerudi pamoja na dole: kutia saini juu ya jambo ambalo hukulisoma.

Tena kuna hatari mpya. Mtu akiiba namba yako ya siri, unaweza kuibadili. Akijifunza kuigiza saini yako, unaweza kwenda benki ukabadili saini. Lakini uso huwezi kubadili. Vidole huwezi kubadili. Macho huwezi kubadili. Ukizaliwa nao uso huo, utazikwa nao. Kwa hiyo saini hii inahitaji kulindwa kuliko saini zote.

MASHINE HUFANYAJE KAZI?

Mfugaji anaweza kuwa na ng'ombe mia moja, na akimwona mmoja katika kundi la jirani atasema, "Yule ni wangu." Anamjua kwa pembe, kwa mabaka, kwa mwendo. Amemwona tangu alipozaliwa.

Mashine haimjui mtu namna hiyo. Kamera inapiga picha ya uso. Kompyuta inaigeuza picha kuwa namba nyingi. Namba hizo zinaeleza jinsi macho, pua, mdomo na kidevu vilivyokaa. Kisha zinawekwa katika daftari la kompyuta. Siku nyingine ukija, inapiga picha mpya, inapata namba mpya, halafu inalinganisha namba mpya na zile za zamani.

Mashine hizi zina kazi mbili. Tafadhali zitenganisheni vizuri, maana ndizo msingi wa somo.

Kazi ya kwanza ni kuuliza: "Je, wewe ndiye?" Umesema wewe ni fulani. Mashine inaangalia picha moja tu, ya huyo fulani, na kukulinganisha nayo. Simu janja inayofunguka kwa uso wa mwenyewe hufanya hivi. Wewe mwenyewe unajua kwamba unaangaliwa, na umekubali.

Kazi ya pili ni kuuliza: "Huyu ni nani?" Tuseme kamera ya namna hii imewekwa kwenye lango la stendi ya mabasi ya Nyegezi. Kila anayepita, uso wake unalinganishwa na nyuso maelfu zilizomo katika daftari. Wewe umebeba tenga lako la dagaa, unawahi basi. Hukuulizwa kitu. Hukukubali wala kukataa. Pengine hata hukuiona kamera.

Kazi hii ya pili ni ngumu zaidi. Ukitafuta katika watu elfu, hukosi kupata wawili wanaofanana. Ukitafuta katika watu milioni, utapata wengi. Na mashine haisemi kamwe, "Ndiye huyu." Husema tu, "Anafanana naye kwa kiasi hiki." Ni binadamu ndiye anayeamua kama kiasi hicho kinatosha kumkamata mtu au kumnyima haki yake.

FAIDA ZAKE

Tusiseme kwamba mashine hizi ni mbaya. Faida zipo, tena kubwa.

Kwanza, zinazuia mtu kujiandikisha mara mbili kwa majina mawili. Daftari la kura likiwa na majina hewa, kura ya mtu halisi inapungua nguvu. Vidole na picha husaidia kuwaondoa watu hewa.

Pili, zinazuia hati za uongo. Paspoti mpya ya Tanzania, iliyozinduliwa Januari 2018, ina kifaa kidogo ndani yake kinachohifadhi habari za mwenyewe. Si rahisi kubandua picha na kubandika nyingine kama ilivyokuwa zamani.

Tatu, uso unaweza kumsaidia mtu ambaye vidole vyake vimechakaa. Hili wengi wetu tunalijua. Mvuvi aliyevuta kamba miaka ishirini, mkulima, fundi anayechanganya saruji kwa mikono, bibi mzee. Hawa wanaweza kuweka kidole mara tano na mashine isikisome. Mtu wa namna hiyo akipewa njia nyingine ya kutambuliwa, anapata haki yake.

Nne, zinaweza kumsaidia polisi kumtafuta mhalifu au kumtambua mtu aliyepotea.

MZANI NA MKAGUZI WAKE

Sasa tutumie mfano tunaoujua. Mzani ni kitu chema. Bila mzani mkulima angeuza pamba kwa kukadiria, na mvuvi angeuza sangara kwa macho. Lakini sote tunajua kwamba mzani unaweza kuchezewa. Ndiyo sababu kuna Wakala wa Vipimo, ambao hukagua mizani na kuitia alama. Mkulima hasemi, "Siutaki mzani." Anasema, "Nionyeshe alama ya ukaguzi. Na mimi nisimame hapa nisome mwenyewe."

Mashine ya kutambua watu ni mzani wa namna nyingine: badala ya kilo, inapima kufanana. Basi nayo lazima iwe na mkaguzi. Na mwenye uso lazima awe na nafasi ya kusema, "Hapo umekosea."

Hebu sasa tuone yaliyotokea mahali ambapo mkaguzi hakuwapo au alichelewa.

MASHINE ILIPOKOSEA

Karibu na mji wa Detroit, Marekani, aliishi mtu mweusi anayeitwa Robert Williams. Mwezi Januari 2020 polisi walimkamata nje ya nyumba yake, mkewe na binti zake wawili wadogo wakiangalia. Walisema ameiba saa dukani mwaka 2018. Walijuaje? Kamera ya duka ilikuwa imepiga picha ya mwizi, picha yenye giza. Mashine ikatafuta mtu anayefanana naye, ikatoa picha ya zamani ya leseni ya udereva ya Williams.

Polisi walipomwonyesha picha ya mwizi, aliishika karibu na uso wake ili wajionee wenyewe kwamba si yeye. Hata hivyo alikaa mahabusu kama saa 30. Kesi yake ikafutwa. Mwaka 2024 mji wa Detroit ulikubali kumlipa dola 300,000. Polisi wake wakawekewa sharti kwamba hawatamkamata mtu kwa sababu tu mashine imesema anafanana na mhalifu. Lazima watafute ushahidi mwingine.

Je, hilo lilikuwa bahati mbaya ya mtu mmoja? Mwezi Desemba 2019 taasisi ya vipimo ya Serikali ya Marekani, inayoitwa NIST, ilitoa matokeo ya ukaguzi wake. Ilikuwa imezipima programu 189 za kutambua nyuso, kwa kutumia picha zaidi ya milioni 18. Iliona kwamba programu nyingi huwachanganya watu wa aina fulani kuliko wengine. Katika picha zilizopigwa vizuri, waliochanganywa zaidi walikuwa watu wa Afrika Mashariki, wa Afrika Magharibi na wa Asia ya Mashariki. Watu wa Ulaya ya Mashariki walichanganywa kidogo kuliko wote.

Umeona, ndugu msomaji? Tuliochanganywa zaidi ni sisi. Sababu ni nini? Mashine hujifunza kwa kuonyeshwa picha. Ikionyeshwa nyuso nyingi za Wazungu na chache za Waafrika, itazijua zile na kuzikosea hizi. NIST iliona kwamba baadhi ya programu zilizotengenezwa Asia hazikuwa na tofauti kubwa hivyo kwa nyuso za watu wa Asia. Kwa hiyo kosa halitoki katika sura zetu. Linatoka katika mafunzo ya mashine. Ni sawa na mzani uliotengenezwa kwa kupima dhahabu, halafu ukaletwa kupima pamba.

Kwa sababu hiyo, kila mashine ya namna hii inayoletwa kwetu ingefaa ipimwe kwanza kwa nyuso za watu wetu.

MASHINE ISIPOKOSEA

Wengine husema: "Basi zitengenezeni mashine zisikosee, mambo yatakwisha." La, hayatakwisha. Mashine inaweza kusema kweli, na bado mtu akaumia.

Twende Garissa, kaskazini mashariki ya Kenya. Huko zipo kambi za wakimbizi za Dadaab. Zilianza mwaka 1991, vita vilipowakimbiza watu kutoka Somalia. Katika miaka ya ukame, Wakenya wa sehemu zile nao walikuwa na njaa. Kambini kulikuwa na chakula na dawa. Baadhi yao wakajiandikisha kama wakimbizi ili watoto wapate kula. Alama za vidole zikachukuliwa, zikawekwa katika kompyuta.

Miaka ikapita. Watoto wakawa vijana wa miaka 18, wakaenda kuomba kitambulisho cha Kenya. Wakaweka vidole. Mashine ikasema, "Hawa ni wakimbizi." Wakanyimwa. Maelfu ya watu wakakwama hivyo kwa miaka mingi. Na huko bila kitambulisho ni vigumu kupata kazi, kufungua akaunti benki au kupiga kura.

Hapa mashine haikukosea. Ilisoma vidole sawasawa. Kosa ni kwamba daftari lililoandikwa kwa ajili ya chakula lilitumika baadaye kuamua nani ni raia. Wala hapakuwa na mtu wa karibu wa kumsikiliza kijana anayesema, "Mama yangu alitaka tu nile."

Mfano mwingine ni wa Kampala. Mwezi Machi 2017 afisa mkubwa wa polisi, Andrew Felix Kaweesi, aliuawa kwa risasi. Rais Museveni akaagiza kamera ziwekwe. Kampuni ya Huawei ya China ikapewa kazi hiyo, na baadhi ya kamera hizo zilikuwa na uwezo wa kutambua nyuso. Nia ilikuwa kuwapata wauaji, na watu wengi waliona ni jambo jema. Ikafika Novemba 2020, wakati wa kampeni za uchaguzi. Mgombea urais Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, alikamatwa, kukatokea machafuko, na watu zaidi ya 50 wakafa. Baadaye polisi walieleza kwamba kamera zilitumika kuwatafuta walioshiriki. Mamia ya watu walikamatwa.

Kwa hiyo kamera iliyoletwa kwa ajili ya wauaji sasa ilikuwa inatumika katika mambo ya siasa. Hatusemi kila aliyekamatwa alionewa. Tunasema kwamba kamera haijui tofauti ya mwuaji na mtu aliyekwenda kusikiliza mkutano. Tofauti hiyo huwekwa na sheria, na huangaliwa na mahakama.

Na mfano wa mwisho sisi watu wa Ziwa hatuwezi kuusahau. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliwapa watu wa Rwanda vitambulisho vilivyoandikwa kabila la kila mtu. Hapakuwa na kompyuta wala kamera ya kutambua nyuso, ila kadi na mhuri tu. Mwaka 1994, katika vizuizi vya barabarani, wauaji walidai kadi hizo ili wajue nani ni Mtutsi. Mto Kagera ukaleta maiti mpaka ziwani kwetu. Kadi zile zilipoandikwa, nani alisema kwamba ni za kuua? Lakini daftari huishi kuliko mtu aliyeliandika, na anayekuja baadaye hulitumia apendavyo, isipokuwa akizuiwa.

WAKENYA WALIVYODAI MKAGUZI

Sasa tuone upande wa matumaini. Majirani zetu wa Kenya walipata sheria ya kulinda taarifa za watu mwezi Novemba 2019, na wanaye Kamishna wa kuisimamia. Imefanya kazi gani?

Mwaka 2023 kampuni ya Worldcoin ilikuwa ikipiga picha za macho ya watu Nairobi kwa kifaa cha duara kama mpira. Kila aliyekubali alipewa sarafu za kompyuta zenye thamani ya kama shilingi 7,000 za Kenya. Watu walipanga foleni ndefu. Wengi hawakuuliza macho yao yanakwenda wapi, walitaka pesa. Mwezi Agosti mwaka huo Serikali ikaisimamisha kazi hiyo. Tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe katika siku saba, Kamishna akisimamia. Mahakama ilisema kwamba kukubali kwa ajili ya kuonyeshwa pesa si kukubali kwa kweli.

Mwezi Septemba 2023 Kamishna aliitoza shule ya Roma, ya Uthiru, shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kutoa picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Sikieni hapo, wazazi: picha ya mtoto ina mwenyewe.

Hata Serikali ilikaguliwa. Ilipotaka kuwapa watu wote namba moja, Huduma Namba, Mahakama Kuu ilisema Januari 2020 kwamba sheria na taratibu za ulinzi zitangulie. Oktoba 2021 ikasema tena kwamba hatari zake zilipaswa kupimwa kwanza. Mahakama haikusema namba ni mbaya. Ilisema mzani ukaguliwe kabla ya kupimia.

NA SISI TANZANIA?

Sisi tunayo Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 16 inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na maskani yake.

Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mkaguzi wake ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Kwa sheria hiyo, anayekusanya taarifa za watu lazima ajiandikishe kwa Tume. Lazima akuambie anazichukua kwa kazi gani. Alama za mwili, kama uso na vidole, ni taarifa nyeti, maana yake zinahitaji ulinzi zaidi. Wewe una haki ya kuona kilichoandikwa juu yako, kudai kisahihishwe, na kupinga uamuzi uliofanywa na mashine peke yake.

Sheria hiyo imeacha nafasi kwa mambo ya usalama wa nchi na kuzuia uhalifu. Nchi nyingi hufanya hivyo. Lakini hapo ndipo mkaguzi anapotakiwa zaidi, kama tulivyoona Kampala. Nafasi iliyoachwa kwa ajili ya wezi isije ikawa mlango wa kuingilia kwa kila mtu. Kazi ya kuuliza ni ya Bunge, mahakama, Tume, na sisi wananchi wenyewe.

MFANO WA MWALONI

Sheria ikiwa kabatini haimsaidii mtu. Tuone jinsi mambo yanavyokuwa. Tuseme mama mmoja anauza dagaa mwaloni. Anakuja kijana mwenye simu.

Kijana: Shikamoo mama.
Mama: Marahaba mwanangu.
Kijana: Mama, laini yako haijahakikiwa. Lete namba ya NIDA, weka kidole hapa. Dakika mbili tu.
(Mama anaweka kidole.)
Kijana: Aa, haijakubali. Weka tena.
Mama: Tena?
Kijana: Mtandao unasumbua leo, mama. Weka na kingine. Haya, sasa angalia hapa nikupige picha.
Mama: Ahsante mwanangu.

Mama ana laini moja mkononi. Katika kompyuta ameandikwa ana laini tatu. Mbili ziko mfukoni mwa yule kijana. Kesho zitauzwa kwa matapeli. Watatuma ujumbe: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Mtu wa mbali ataibiwa. Polisi wakitafuta mwenye namba, watamkuta mama wa dagaa.

Sasa tuone mama aliyesoma somo hili.

Kijana: Mama, weka kidole hapa.
Mama: Subiri kwanza mwanangu. Wewe ni wa kampuni gani? Kitambulisho chako cha kazi kiko wapi?
Kijana: Hiki hapa mama.
Mama: Sawa. Na hapo kwenye simu pameandikwa nini?
Kijana: Pameandikwa...
Mama: La, usinisomee. Nipe nisome mwenyewe.

Mama huyo amesoma. Kidole chake cha kwanza kikikataliwa, atataka aone kwa macho yake mahali palipoandikwa kwamba kimekataliwa. Haoni? Anakwenda dukani kwa kampuni yenyewe.

Kila mmoja wetu anaweza kujikagua leo. Piga *106# katika simu yako, hata kama ni kitochi. Utaonyeshwa laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukiona namba usiyoijua, nenda duka la kampuni hiyo uikatae, na toa taarifa polisi. Ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma vipeleke kwenye namba 15040.

Tahadhari pia na mikopo ya kwenye simu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Wakopeshaji wa namna hiyo huweza kuchukua picha yako na namba za ndugu zako, halafu ukichelewa kulipa wanakutangaza kwa watu wote. Wahenga walisema, usinunue mbuzi ndani ya gunia.

MASWALI MATANO YA KUULIZA

Anapokuja mtu na mashine, awe wa kampuni, wa chama, wa mradi au wa ofisi yo yote, mwulizeni kwa heshima:

1. Wewe ni nani, na nani amekutuma?
2. Unachukua uso wangu, au kidole changu, kwa kazi gani? Ni kazi hiyo tu?
3. Taarifa zitakaa wapi, na kwa muda gani? Nani mwingine atapewa?
4. Mashine ikikosea, au isiponisoma, nitakwenda kwa nani? Ipo njia nyingine?
5. Nikikataa, nitapoteza nini? Na nikikubali leo, naweza kubadili nia kesho?

Mtu mwaminifu atajibu bila kukasirika. Anayekasirika kwa kuulizwa ni kama karani wa pamba anayeficha mzani kwa mgongo wake.

Jambo moja tusisahau: maswali haya hayaulizwi vizuri na mtu mmoja mmoja. Mama mmoja akiuliza ataambiwa anachelewesha foleni. Mkutano wa kijiji ukiuliza, lazima majibu yatolewe. Kwa hiyo mradi wo wote unaotaka nyuso au vidole vya watu wengi uelezwe kwanza mkutanoni, na majibu yaandikwe katika muhtasari.

MANENO YA KUJIFUNZA

Faragha: mambo ya mtu ambayo wengine hawana ruhusa kuyaingilia bila sababu ya haki.
Ridhaa: kukubali kwa hiari, baada ya kuelewa.
Taarifa binafsi: habari zo zote zinazomtambulisha mtu, kama jina, namba, picha au alama za vidole.
Taarifa nyeti: taarifa binafsi ambazo zikitumiwa vibaya zinaweza kumletea mtu madhara makubwa.
Uangalizi: kazi ya kukagua anayeshika madaraka au mashine, ili asivuke mpaka.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Taja faida mbili za mashine za kutambua watu. Kijijini kwenu zimemsaidia nani?
2. Eleza tofauti ya "Je, wewe ndiye?" na "Huyu ni nani?" Ipi inahitaji uangalizi zaidi? Kwa nini?
3. Huko Garissa mashine haikukosea. Kosa lilikuwa wapi?
4. Mama mjane ana njaa, na mradi unasema utampa unga akikubali kupigwa picha ya macho. Je, akikubali, hiyo ni ridhaa? Jadilianeni.
5. Mwalo au stendi yenu ikiwekewa kamera za kutambua nyuso kwa ajili ya wezi, mngetaka masharti gani yaandikwe kwanza? Andikeni masharti matatu, myasome katika mkutano wa kijiji au wa mtaa.